Nyumba za Wahindi wa Kivinje ni za Kilwa

Kilwa ikitajwa, watu hufikiria Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa vya Kisiwani, basi. Ukiuliza kwa nini maghorofa ya zamani ya Kilwa Kivinje, kule bara, yanaachwa yaporomoke, utajibiwa kwamba hayo ni ya Wahindi na wenyewe wameshakwenda zao. Mwingine ataongeza: kama walikuwa wenyeji kweli, mbona hawakuacha hata hekalu?

Ni kweli, Kisiwani kuna misikiti, hekalu hakuna. Lakini wengi wa Mabanyani, yaani wafanyabiashara Wahindu, waliokuja pwani hii kutoka Kachi na Gujarati katika karne ya 19 hawakuja na wake zao, kwa kuwa desturi za tabaka zao ziliwazuia wanawake kuvuka bahari. Maiti waliichoma, hawakuizika. Mtu wa namna hiyo haachi kaburi wala uwanja wa ibada. Huacha duka, ghala na daftari la madeni. Kutafuta hekalu ili tumkubali ni kutumia kipimo kisichomhusu.

Na hoja ya kuondoka? Gereza la Kisiwani lina asili katika ngome ya Wareno ya mwaka 1505, kisha Waomani wakajenga upya. Wote waliondoka, tena walikuja kwa nguvu. Leo Gereza ni sehemu ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na hakuna anayesema libomolewe. Ngome ya mvamizi tunailinda. Duka la mfanyabiashara tunaliita la wageni. Mantiki hiyo sijaielewa.

Tena tazama ukuta wenyewe. Mawe ni ya matumbawe, chokaa imechomwa papa hapa pwani, dari imeshikwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba umefuata urefu wa boriti. Tajiri alilipa, lakini ufundi ni ule ule wa pwani uliojenga Kisiwani. Ndiyo maana kuukarabati kwa saruji ni kuumaliza: saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, plasta ikabanduka pamoja na jiwe.

Pingamizi lenye uzito ni utumwa. Kivinje ilikuwa bandari kuu ya kupeleka watumwa Unguja, na mikopo ya matajiri wa Kihindi ilisaidia kuendesha misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Mkataba wa 1873 ndio uliopiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Sasa, ushahidi wa dhuluma ukibomoka, anayenufaika ni nani? Si wajukuu wa waliouzwa. Nyumba hizo zihifadhiwe, na wageni waelezwe bila kupakwa mafuta fedha ile ilitoka wapi.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 kwa sababu Uafrika, Uarabu, Uhindi na Uzungu vimechanganyika mle. Kivinje ina mchanganyiko huo huo kwa kiwango kidogo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Nyumba ya mwaka 1870 haipati kinga hiyo mpaka Waziri aitangaze. Basi Halmashauri ya Kilwa iziorodheshe nyumba hizo moja moja, impelekee Waziri orodha, na iwatafute mafundi wa chokaa wakati bado wapo.