Maana Haiagizwi Ng'ambo

Mwaka 1905 mwanafalsafa wa Uingereza, Bertrand Russell, alimtolea mfano mfalme wa Ufaransa mwenye kipara, ili aulize kama usemi waweza kuwa kweli au uongo hali yule asemwaye hayupo. Ufaransa haikuwa na mfalme wakati ule, na hata sasa haina. Lakini mfalme huyo amedumu. Amevuka bahari, amepanda uwanda wa kati wa Tanzania, na huonekana katika madaftari ya wanafunzi wa isimu ambao hawajaulizwa hata mara moja maana ya salamu waliyopokea asubuhi. Kumkaribisha mgeni si kosa. Kosa ni kumwachia nyumba.

Semantiki huchunguza maana iliyomo katika maneno na sentensi. Pragmatiki huchunguza maana aipatayo msikilizaji kwa kuangalia nani asema, na nani, wapi, na kwa nia gani. Elimu hizi mbili zina deni kubwa kwa watu wa mbali. J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ya Harvard ya mwaka 1955 ilipigwa chapa kuwa kitabu mwaka 1962, alifundisha kwamba kusema ni kutenda. H. P. Grice, katika mihadhara ya mwaka 1967, alieleza jinsi watu wanavyoelewana kupita yale wanayotamka. Hakuna mwenye akili atakaye watu hawa wafukuzwe darasani. Lakini wao walisikiliza kwanza lugha yao, ndipo wakatunga kanuni. Mwanafunzi ashikaye kanuni na kuacha kusikiliza ameuchukua mwisho wa kazi yao na kuutupa mwanzo wake.

Hasara ya desturi hii yaonekana katika mambo madogo. Kiingereza kina viashiria viwili, cha karibu na cha mbali. Kiswahili kina vitatu: huyu, huyo na yule, na huyo ni aliye karibu na msikilizaji, au aliyekwisha kutajwa. Afundishwaye kwa mizani ya viwili amepunjwa theluthi ya mali yake. Tena huambiwa kwamba -me- ni alama ya jambo lililotimia. Basi asemapo mtu ‘mtoto amelala’, je, usingizi umekwisha? La, mtoto yungali usingizini. Mtu ainukapo barazani akasema ‘nakuja’, wenziwe hujua kwamba anaondoka na kwamba atarudi. Mnunuzi katika soko la Majengo aulizaye, ‘Mama, nyanya hizi si za jana?’ hatafuti tarehe. Ataka bei ishuke. Mgonjwa huulizwa ‘hujambo?’ naye hujibu ‘sijambo’ kabla ya kueleza kwamba hakupata usingizi usiku kucha. Je, amesema uongo? Kanuni ya Grice yataka msemaji aseme aliaminilo kuwa kweli. Salamu hii yatosha kuupima mpaka wa kanuni hiyo kwa muhula mzima.

Watetezi wa desturi husema kwamba elimu ni ya ulimwengu, na mfano ni vazi tu juu ya mwili wa hoja. Wamekosea: mfano ni shahidi. Mwaka 1976 Elinor Keenan alionyesha kwamba katika kijiji alichokichunguza huko Madagaska watu hujizuia kutoa habari, hata msikilizaji hawezi kudhani kwamba aliyesema machache hana zaidi ya hayo. Shahidi mmoja wa kisiwani aliwalazimu wataalamu waifikiri upya kanuni iliyoaminiwa kuwa ya watu wote. Husemwa pia kwamba Kiswahili hakina istilahi. Lakini Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha tangu mwaka 1990. Udhuru huo umezeeka.

Na jambo hili halikomei darasani. Bunge lililoko Dodoma hujadili kwa Kiswahili, na mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Shahidi asemapo kizimbani, ‘ng'ombe wako kwa ndugu yangu’, huyo ndugu ni wa tumbo moja, au binamu, au mtu wa ukoo, au mwenzake tu? Mali ya mtu yaweza kuegemea jibu hilo, na mfalme wa Ufaransa hana la kulisaidia.

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kimezungukwa na Kigogo. Na kaskazini, pande za Kondoa na Chemba, husemwa Kirangi, Kiburunge na Kisandawe. Mjerumani Otto Dempwolff alitoa kitabu juu ya Wasandawe mwaka 1916. Ikiwa mgeni aliona huko jambo la kuandikiwa kitabu, mwenyeji hana udhuru wa kupita kwa basi akikariri mifano ya London. Kila mwanafunzi wa maana na awe na daftari la maneno aliyoyasikia kwa masikio yake, sokoni, msibani, barazani na zahanati. Na mtihani na uanzie katika daftari hilo. Kisha Austin na Grice na waitwe, waulizwe kama kanuni zao zinatosha. Mahali zitoshapo, na washukuriwe. Mahali zipungukapo, hapo ndipo kazi ya mwanachuoni wa nchi hii inapoanza.