Maskini Ajisemee: Rapu na Bei ya Sifa

Mwaka 1910 jarida moja la Ubelgiji lilianza kuchapa maandishi ya kijana Mtabwa kutoka Marungu, Stefano Kaoze, juu ya namna Wabantu wanavyofikiri. Julai 1917 kijana huyo alipewa upadri Baudouinville, ambayo leo ni Kirungu, mkoani Tanganyika, akawa padri wa kwanza Mkongo wa enzi ya Wabelgiji. Wakati ule Mwafrika alikuwa mtu wa kuandikwa: mmisionari, afisa na mtafiti ndio waliosema anaamini nini, anaogopa nini na kwa nini hana kitu. Hata falsafa ya Kibantu ilipovuma duniani, ilivuma kupitia kitabu cha Mbelgiji, Placide Tempels, mwaka 1945. Kaoze alikuwa amemtangulia kwa miaka 35, na jambo kubwa alilofanya ni kukalia kiti cha msemaji. Mtu asiye na kitu leo bado yuko pale alipokuwa Mwafrika wa 1910. Ripoti zinaandikwa juu yake, semina zinafanywa kwa ajili yake, wagombea wanaapa kwa jina lake. Thamani ya rapu kwa maskini wa Kirungu, wa Kalemie na wa kwingineko iko hapo: inampa nafasi ya kujisemea. Na kwa kuwa thamani yake ni hiyo, anayeinunua huidhuru zaidi kuliko anayeipiga marufuku.

Muziki huu ulizaliwa kwa watu waliozoea kusemwa. Bronx, New York, ya miaka ya 1970 ilikuwa imepasuliwa na barabara kuu, nyumba zikiungua, viwanda vikihama, na wakazi wake wakielezwa kama tatizo la jiji. DJ Kool Herc alipopiga muziki kwenye sherehe ya dada yake Agosti 1973, hakuna aliyekusudia falsafa. Lakini kufikia 1982, Grandmaster Flash and the Furious Five walipotoa "The Message", kanuni ilikuwa imeshajitokeza: msemaji husema kwa nafsi yake, hutaja mtaa wake na alichokiona, na hudai kuaminiwa kwa sababu alikuwepo. Hiyo ni hoja nzito kuhusu maarifa, kwamba aliyelala njaa anajua juu ya njaa jambo lisilofikiwa na takwimu. Afrika Mashariki iliipokea kanuni hiyo kwa Kiswahili. Kalamashaka, kundi la rapu, walitoka Dandora, mtaa wa Nairobi wenye jalala kuu la jiji, na "Tafsiri Hii" yao, mwishoni mwa miaka ya 1990, ikayaingiza maisha ya mitaa hiyo redioni. Dar es Salaam, mwaka 2001, mwanarapu Professor Jay alitumia kejeli. Katika "Ndiyo Mzee" alijivika sauti ya mwanasiasa anayeahidi yasiyowezekana, umati ukimwitikia. Aliyesikiliza alicheka, kisha akabaki na kipimo cha kupimia ahadi za jukwaani.

Kwamba sauti hiyo ina nguvu, Kongo imethibitisha. Novemba 2021 tume ya taifa ya kudhibiti nyimbo na maonyesho ilipiga marufuku "Nini Tosali Te" wa MPR, kundi la vijana wa Kinshasa, pamoja na wimbo ambao msanii Bob Elvis aliutunga kama barua kwa marehemu Étienne Tshisekedi, baba wa rais aliyepo. Tume ilitegemea amri ya 1996, ya zama za Mobutu, inayotaka wimbo upate kibali kabla ya kutangazwa. MPR walikuwa wameorodhesha taabu za raia na subira yake chini ya tawala moja baada ya nyingine. Watu walipiga kelele, na marufuku juu ya wimbo wa MPR ikaondolewa muda mfupi baadaye. Huku mashariki gharama imekuwa kubwa zaidi. Delcat Idengo wa Beni, ambaye hakuwa mtu wa rapu kwa maana finyu lakini aliimba kwa ushahidi uleule, akiilaumu serikali na jeshi kwa mauaji ya raia, alifungwa na mahakama ya kijeshi mwaka 2021, na Februari 2025 akauawa Goma. Wimbo usio na uzito haumpeleki mtu mbele ya mahakama ya kijeshi.

Wapo watakaouliza: wimbo unajaza sufuria? Haujazi, na anayeahidi hivyo anadanganya. Kwa makadirio ya Benki ya Dunia, zaidi ya asilimia 70 ya Wakongo wanaishi katika umaskini uliokithiri, na hakuna ubeti utakaopunguza idadi hiyo. Lakini umaskini huja na maelezo yake, na maelezo hayo nayo hutesa. Mkoa wetu wa Tanganyika una litiamu ya Manono, ambayo makampuni ya mabara mengine yanaigombania, na una ziwa na reli. Mkazi wake akiambiwa kila siku kwamba hana kitu kwa sababu ni mvivu au amelaaniwa, atafunga na kuomba, hatadai hesabu. Kijana anayeuliza kwa mashairi madini yanakwenda wapi na kwa nini barabara haipitiki ameuhamisha mjadala kutoka kwenye laana na kuupeleka kwenye hesabu. Wakati mwingine mjadala huo hufika mbali. Sugu, mmoja wa waasisi wa rapu ya Tanzania, alichaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, na Professor Jay akachaguliwa Mikumi mwaka 2015. Ubunge wao haukuufuta umaskini, lakini watu wa mitaani waliona kwamba aliyejifunza kusema kwa mashairi anaweza kusema pia palipo na bajeti.

Wengine husema rapu ni ya kigeni na inafundisha matusi, chuki, dharau kwa wanawake na ulevi wa fedha. La kwanza halina nguvu. Waluba wana kasala, utungo wa kutaja ukoo, matendo na misiba kwa mapigo ya maneno, na Waswahili wa pwani wamejibizana kwa mashairi kwa karne nyingi. Kilichotoka Marekani ni mashine na mtindo. Kipaji cha kusema kwa mizani kilikuwapo. La pili ni la kweli kwa sehemu, na mkoa wetu una sababu ya kulichukua kwa uzito. Mwaka 2016 na 2017 mapigano ya Watwa na Waluba yaliwatoa mamia ya maelfu ya watu makwao, na tunajua neno la chuki linavyosafiri. Lakini tuitazame kesi ya Simon Bikindi, mwanamuziki wa Rwanda. Mahakama ya kimataifa ya Arusha, iliyohukumu kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda, ilimhukumu mwaka 2008 miaka 15 kwa uchochezi alioutamka kwa kipaza sauti barabarani mwaka 1994. Nyimbo zake, pamoja na ubaya wake, sizo zilizomtia hatiani. Waamuzi walipima tendo, mahali na nia. Nasi tunaweza kumshitaki mchochezi kwa alichofanya bila kumlazimisha kila mtunzi apige magoti ofisini kabla ya kuimba.

Hatari kubwa zaidi haina polisi wala kesi. Katika muziki wa Kongo inaitwa mabanga: mwenye fedha analipa, jina lake linatajwa katika wimbo. Waswahili husema mkono mtupu haulambwi, na msanii anayeishi kwa kulamba mikono hawezi kumwimbia mwenye mkono mtupu. Sina lawama kwa msanii kutaka kula. Studio inalipiwa na watoto wanakwenda shule. Lakini ushahidi ulionunuliwa si ushahidi, na rapu bila ushahidi inabaki mavazi na majigambo. Wenye madaraka wameshagundua kwamba kukumbatia kunafaa kuliko kufunga. Machi 2017 mwanarapu Nay wa Mitego alikamatwa Tanzania kwa wimbo "Wapo". Muda mfupi baadaye waziri alitangaza kwamba rais ameupenda, aachiwe, na aongeze humo aina nyingine za wakosaji wa kusemwa. Msanii alipata uhuru, ila mkubwa naye alijipa nafasi ya kuelekeza ukali wa wimbo uende kwa nani. Mabanga hufanya hivyo bila kumpitisha mtu kituoni, na msimu wa uchaguzi huyafanya biashara kubwa.

Kwa hiyo tuache kuuliza kama rapu ni nzuri au mbaya. Tuulize kila wimbo: nani anasema, ameona nini, na nani amelipa? Redio za Kalemie na Moba zitenge saa moja kwa wiki kwa vijana wasio na fedha ya kununua muda wa hewani, kwa sharti moja tu, kwamba asitajwe mfadhili. Parokia na shule za Kirungu, mahali ambapo Kaoze alipewa upadri, ziwafundishe watunzi kutofautisha shutuma yenye ushahidi na tusi, kosa la mtu na kabila lake. Bunge la Kinshasa liondoe sharti la kibali kabla ya kuimba. Nanyi vijana mnaoshika maiki, semeni mlichokiona, tajeni mahali na tarehe, na bahasha ya bwana mkubwa ikija, irudisheni.