Nywele Katika Meno ya Simba wa Tsavo: Nani Atazisimulia Mwatate?

Mnamo Oktoba 2024, jarida la kisayansi liitwalo Current Biology lilichapisha matokeo ya utafiti juu ya nywele zilizokwama katika meno ya simba wawili waliouawa Tsavo mwezi Desemba 1898. Ni rahisi kwa mwanakiswahili kudhani kwamba habari hiyo ni ya wanabiolojia peke yao. Dhana hiyo haina mashiko, kwani sehemu nyeti zaidi ya utafiti huo bado haijafanywa, na haiwezi kufanywa vyema bila lugha ya wenyeji.

Kisa chenyewe kinajulikana. Simba hao walivamia kambi za wafanyakazi wa Reli ya Uganda wakati daraja la mto Tsavo lilipokuwa likijengwa, hata kazi ikasimama. Mhandisi John Henry Patterson aliwaua, akazifanya ngozi zao mazulia kwa takriban miaka 25, kisha akaziuza pamoja na mafuvu kwa makumbusho ya Field Museum mjini Chicago mwaka 1925 kwa dola 5,000. Huko ndiko waliko hadi leo. Patterson aliandika kitabu mwaka 1907, na mwaka 1996 ikatolewa filamu, ambayo kwa kinaya ilipigwa Afrika Kusini. Katika yote mawili simba ndio wenye sura na tabia. Walioliwa, isipokuwa wachache, ni hesabu tu.

Jambo jipya ni mbinu. Baadhi ya meno ya simba hao yalikuwa yamevunjika, na katika mashimo yake nywele za mawindo zilijisokota na kukaa humo kwa zaidi ya karne moja. Zilitambuliwa miaka ya 1990, zikachunguzwa kwa hadubini, na hatimaye vinasaba vyake vikasomwa. Mbinu hii si ya simba pekee. Wataalamu wa bahari huitumia kujua papa au jodari amekula nini: badala ya kukisia kwa mabaki yaliyosagika tumboni, husoma vinasaba vya mabaki hayo na kuvilinganisha na vya viumbe vinavyojulikana tayari. Vinasaba vya kale huwa vimekatikakatika vipande vifupi, na hali hiyo yenyewe humsaidia mtafiti kuvitofautisha na vile vya mtu aliyelishika fuvu hilo juzi.

Matokeo yalitaja twiga, choroa, kuro, nyumbu, pundamilia na binadamu. Msomaji wa Kiswahili asipite upesi hapa. Lugha hii ina majina ya wanyama wote hao. Lakini mwanafunzi wa shahada ya kwanza akiulizwa ghafla choroa ni mnyama gani, huenda akakimbilia kamusi. Nyumbu nao waliwashangaza watafiti, kwani malisho ya karibu zaidi yanayojulikana ya mnyama huyo yalikuwa umbali wa kilomita 80 hivi au zaidi. Ama simba walisafiri mbali kuliko ilivyodhaniwa, ama nyumbu walikuwako Tsavo siku hizo. Vinasaba vya nyati havikuonekana kabisa, jambo linalooana na historia: sotoka ilikuwa imewafyeka ng'ombe na nyati wa eneo hilo katika mwongo huo huo. Swali kama hili mzee aliyerithi masimulizi ya malisho na uwindaji angeweza kuulizwa, na jibu lake lingekuwa data.

Turudi kwa mnyama wa sita. Patterson alidai katika kitabu chake kwamba waliliwa Wahindi 28 wa reli pamoja na Waafrika wengi ambao kumbukumbu zao hazikuwekwa. Baadaye akataja jumla ya watu 135. Utafiti wa mwaka 2009, uliopima kemia ya mifupa na nywele za simba wenyewe, ulikadiria watu wapatao 35. Ili kupata kipimo cha kulinganishia, wanasayansi hao walitumia mabaki ya Wataita wa kale. Nywele za safari hii haziwezi kutoa idadi. Hata hivyo, zinaweza kueleza jambo ambalo karani wa reli hakuliandika, yaani kama ukoo wa mtu yule ulitoka Bara Hindi au ulitoka papa hapa. Mwafrika asiyehesabiwa mwaka 1898 anaweza kuingia katika kumbukumbu kupitia unywele mmoja.

Watafiti hawakuendelea hadi huko. Walieleza kwamba huenda wapo vizazi vya waliouawa wanaoishi katika eneo hilo hadi sasa, na kwa hiyo sehemu ya binadamu itafuata njia za kuishirikisha jamii kwanza. Uamuzi huo ni wa kupongezwa. Katika timu hiyo wamo Wakenya pia, akiwemo Ogeto Mwebi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Lakini kuishirikisha jamii ni tendo la lugha kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na hapo ndipo wanakiswahili wanapohusika.

Tuchukulie mkutano wa namna hiyo unafanyika Mwatate, mji ulio chini ya milima ya Taita katika barabara ya Voi kwenda Taveta. Waliokaa mbele ya mgeni ni Wadawida, na pamoja nao walowezi wa makabila mengine waliofuata reli, mkonge na biashara. Miongoni mwao wamo wenye mashamba yanayopakana na nyika ya Tsavo, ambao kwao mnyama mkali si habari ya 1898. Lugha itakayowakutanisha wote ni Kiswahili. Mgeni ataomba ridhaa. Je, ataiomba kwa maneno gani?

Neno la kwanza litakalomtatiza ni jina la kitu chenyewe. Tanzania husema vinasaba. Katika vyombo vya habari vya Kenya utasikia msimbojeni, au herufi tatu tu, DNA, zikitamkwa Kiingereza. Wanaoshabikia vinasaba wana hoja nzuri: ni neno fupi, limetokana na nasaba, nalo linaeleweka. Ila uzuri huo ndio unaoficha mtego. Nasaba katika matumizi ya Waswahili, na katika Kiarabu lilikotoka, hufuatwa kwa baba. Vinasaba vinavyosomwa kwa urahisi katika unywele mkavu usio na shina ni vile vya mitokondria, ambavyo mtu hurithi kwa mama peke yake. Mzee wa Mwatate akiambiwa kwamba nywele zile zitaonyesha nasaba ya aliyeliwa, ataelewa kinyume. Atatarajia jina la babu yake, hali kipimo kitazungumzia upande wa bibi, tena bila kumtaja mtu yeyote kwa jina. Ridhaa iliyotolewa kwa kutoelewa namna hiyo si ridhaa.

Inafaa kukumbuka pia kwamba mahali hapo si pageni kwa mafuvu. Wadawida walikuwa na desturi ya kuyahifadhi mafuvu ya wazee wao katika mapango, yakaheshimiwa kama wazee wenyewe. Mtafiti atakayetamka "sampuli" mbele ya watu hao atakuwa ametamka neno sahihi katika istilahi na neno baya katika adabu. Unywele wa marehemu huitwaje mbele ya wafiwa? Hili ni swali la semantiki na pragmatiki, somo linalofundishwa kila muhula kwa mifano ya kubuni.

Wapo watakaosema kwamba istilahi si tatizo, kwa kuwa TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Kazi ile ilikuwa kubwa na ya heshima. Lakini orodha ya maneno haifafanui, na kamusi haikai barazani kuulizwa maswali. Kinachokosekana ni nathari: kurasa tatu au nne za Kiswahili fasaha zinazomweleza mtu mzima asiyesoma sayansi kwamba unywele hubeba nini, haubebi nini, na nani atakayeyamiliki majibu. Wengine watasema kazi hii ni ya wafasiri. Nao wanasahau kwamba mfasiri huitwa mwishoni, maswali yakiwa yamekwisha tungwa kwa Kiingereza.

Upande wa fasihi simulizi deni ni zito zaidi. Fasihi yetu hukusanya visakale vya mashujaa na vya kuhamahama, ikaviainisha kwa vigezo vinavyojirudia. Visakale vya watu walioliwa, kama vipo katika koo za Voi, Mwatate na Kasigau, ndivyo vitakavyokaa kando ya matokeo ya maabara na kuyapa maana. Vikikusanywa baada ya matokeo kutangazwa, havitaaminika tena, maana msimulizi atakuwa amekwisha sikia redioni kile anachopaswa kukumbuka. Kwa hiyo utaratibu una uzito: simulizi kwanza, vipimo baadaye.

Chuo Kikuu cha Taita Taveta kimo katika kaunti hiyo hiyo, na vyama vya wanafunzi wa Kiswahili hufanya safari za kitaaluma. Safari moja ikielekezwa huko, wanafunzi wakiwa na vinasa sauti na wakifuatana na wazungumzaji wa Kidawida, ingeweza kuanza kwa swali jepesi tu: katika ukoo huu, yuko mtu aliyekwenda kwenye kazi ya reli asirudi? Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, kwa Kidawida na kwa Kiswahili, pamoja na jina la aliyepotea na, ikijulikana, jina la mama yake.