Feza ya Nyumba si Mali ya Fundi



Katika miji yetu, kama Bukavu, Goma ao Lubumbashi, twaona nyumba nyingi zenye kuta bila paa, na majani yameota vyumbani. Watu husema upesi: «Fundi ni mwizi.» Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi fundi yule ni mtu wa kazi, ajuaye vema ujenzi. Alikosa kitu kimoja tu, yaani kitabu cha hesabu. Leo twataka kusema na mafundi wanaopatana kazi za kujenga, na vijana wanaojifunza ufundi huo shuleni.

Tutoe mfano. Fundi amepatana na mzee mmoja kumjengea nyumba kwa dola 6,000. Simenti, matofali, mbao na mabati vitamaliza dola 3,600. Mishahara ya wafanyakazi 1,400. Gari la kubeba vitu na matengenezo ya vyombo 400. Jumla ni dola 5,400. Basi, faida ya fundi ni dola 600.

Siku ya kwanza mzee anatoa nusu, dola 3,000. Hapo ndipo hatari inapoanza. Fundi ajiona tajiri, kumbe ameshika deni: feza ile ni ya kazi ambayo hajaifanya bado. Akitoa humo dola 1,000 kununua pikipiki, amekwisha kuuza mabati ya mzee. Itampasa kutafuta nyumba ya pili, ili feza yake iezeke ya kwanza. Kisha ya tatu, ili imalize ya pili. Huko ni kuchimba shimo moja ili kufukia lingine. Siku asipopata mtu mpya, kazi zote zitasimama, nao vibarua watarudi kwa watoto wao mikono mitupu.

Lakini hata fundi mwaminifu sherti aangalie. Bei ya simenti na vifaa vingine ikipanda sehemu 10 katika 100, dola 360 zimetoka katika faida yake, zabaki 240. Tena ni desturi katika mapatano mengi kwamba mwenye nyumba hushika sehemu 5 katika 100, hapa dola 300, mpaka ionekane kwamba kuta hazipasuki. Basi, siku ya kutoa funguo, fundi amepokea dola 5,700 naye ametumia 5,760. Faida iko kitabuni, lakini mfukoni zapunguka dola 60. Asiyejua tofauti ya mambo hayo mawili atashangaa kuona anafanya kazi sana na madeni yanaongezeka.

Tufanyeje basi?

Kwanza, kila nyumba iwe na ukurasa wake: feza iliyoingia, feza iliyotoka, na tarehe.

Pili, feza ya kazi isichanganywe na feza ya jikoni. Fundi ajipe mshahara wake wa juma, auandike kama wa wengine, asipite hapo.

Tatu, mapatano yaandikwe: malipo ya msingi, ya kuta, ya paa, nani atabeba bei ikipanda, tena malipo ni kwa dola ao kwa franka. Mwaka 1998, franka ya Kongo ilipoanza, dola moja haikufikia franka 2. Miaka iliyofuata ilipita franka 2,000. Anayeahidiwa franka na kununua simenti kwa bei ya dola aweza kupoteza faida yote akingoja malipo.

Nne, karatasi za malipo zitunzwe. Tangu mwaka 2012 nchi yetu hufuata sheria za biashara za OHADA. Sheria hizo zaamuru vitabu vya hesabu vihifadhiwe miaka 10, nazo zamruhusu mwenye kazi ndogo kuandika hesabu kwa namna nyepesi. Asiseme basi kwamba jambo hilo ni la makampuni makubwa.

Nanyi wanafunzi, msidharau somo la hesabu mkidhani kwamba mwiko na timazi vyatosha. Ukuta ulionyoka hausimamishi nyumba ambayo feza yake imekwisha kuliwa. Wazee walisema vema: Mali bila daftari hupotea bila habari.