Mashine ya polishi haing'arishi gari, inakwangua

Wasee, leo naongea na watu watatu: anayeuza mashine ya kupiga polishi, anayeishika, na anayelipa ipitishwe kwa gari yake. Mimi nimekuwa huyo wa pili na nimeharibu gari ya mtu, kwa hivyo msiseme ni wivu.

Mashine yangu ya kwanza nilinunua Sh4,800. Muuzaji akaniambia, "Hii unaweka tu kompaundi, inajifanyia kazi. Nusu saa, gari mpya." Nikaamini. Nikaposti video mbili, nusu ya mlango imefifia, nusu inawaka, na wateja wakaanza kupiga simu. Wa tano alikuwa mwalimu mstaafu wa hapa mtaani, mwenye Premio nyeusi anayoitunza kama yai. Tukaelewana Sh2,500.

Nilipofika ukingo wa boneti, pale inapopinda kuelekea taa, kulikuwa na mkwaruzo mmoja uliokataa kutoka. Nikakaza mkono. Sekunde chache tu, si dakika. Nilipopangusa nikaona mstari wa kijivu, urefu wa kidole. Manze, huo haukuwa mkwaruzo tena. Hiyo ilikuwa praima.

Mwalimu akainama, akaangalia, akasema, "Kijana, si ulisema unang'arisha?" Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kupaka boneti rangi upya kulinimeza Sh9,000, na hata hivyo jua likipiga vizuri unaona weusi wa boneti na weusi wa milango si ndugu.

Sasa shida yangu si ati niliungua. Kila fundi ana kazi iliyomharibikia. Shida yangu ni kwamba hakuna mtu aliyeniambia kitu kimoja rahisi: mashine ya polishi ni msasa. Msasa laini sana, lakini msasa. Gari haing'ai kwa sababu umeiongezea kitu. Inang'aa kwa sababu umekwangua juu mpaka ukafika chini ya mikwaruzo.

Na cha kukwangua si kingi. Rangi ya kiwandani, kuanzia praima hadi klia ya juu, kwa kawaida ni kama maikroni 100 hadi 180 hivi. Klia peke yake, ile safu inayong'aa na kukinga rangi na jua, mara nyingi ni 35 hadi 50. Chukua karatasi moja ya fotokopi. Unene wake ni kama maikroni 100. Klia ya gari yako ni nusu ya hiyo karatasi, au chini. Hiyo ndiyo akiba yote. Kila "nipigie tu polishi kidogo, bosi" inatolewa hapo, na hakuna siku inarudishwa. Kwenye kingo na mikunjo ni nyembamba zaidi, na joto linakusanyika hapo haraka. Bampa nayo ni plastiki, haisambazi joto kama chuma, kwa hivyo inaungua ukiwa bado unatabasamu kwa kamera.

Halafu kuna hii tabia ya kufunga pedi ya polishi kwa grainda. Jameni! Grainda ndogo ya kukata chuma inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Mashine ya polishi ya kuzunguka kawaida inacheza kati ya 600 na 3,000, na inakuachia uchague spidi. Hizo si mashine za ukoo mmoja. Lakini nenda vibanda vya kuosha magari mtaani, utaikuta grainda imevalishwa sufu, kijana anaambiwa, "Pitisha haraka haraka, usisimame." Huo si ufundi, ni kubahatisha na mali ya mtu. Hata isipochoma, inaacha mawimbi ambayo huyaoni kwenye kivuli. Mteja atayaona kesho saa sita, akiwa kwa jamu.

Utasema, si ununue ile ya kisasa, ambayo pedi inazunguka huku ikiyumba? Nilinunua. Ni salama zaidi, kweli, na kama unaanza, anza nayo. Lakini hiyo nayo ina maudhi yake ambayo hakuna anayeyaposti. Ukiikandamiza sana, pedi inaacha kuzunguka, inabaki ikitetemeka tu, na wewe hujui. Nilimaliza mlango mzima nikidhani nachapa kazi, kumbe namtekenya Toyota. Nilikuja kujifunza kuchora mstari kwa maka peni kwenye kisahani cha pedi: ukiona mstari hauzunguki, punguza mkono. Pedi ikijaa unga wa rangi haikati tena, lazima uipige brashi kila sehemu. Ukifanya kazi juani, kompaundi inakauka kabla haijafanya chochote. Ikigusa plastiki nyeusi za madirisha, inaacha weupe utakaousugua mpaka jioni. Gari moja nikiifanya vizuri ni siku nzima, na mgongo unajua. Nusu saa ya muuzaji sijawahi kuiona.

Lakini wa kulaumiwa zaidi ni sisi wenye kamera. Nasema sisi. Kompaundi na polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo. Gari inatoka kama kioo, tunapiga video, tunapokea doo, tunasema kwaheri. Baada ya kuoshwa mara tatu nne mafuta yanatoka, mikwaruzo inarudi kama wageni wa Krismasi. Mteja anadhani gari imechakaa tena. Anarudi, tunakwangua tena. Ukitaka kujua kama kazi imefanyika, pangusa hapo na spiriti iliyozimuliwa kwa maji, kisha mulika na tochi. Mwambie fundi wako afanye hivyo mbele yako. Akianza hadithi, ondoka na gari yako.

Na wewe mteja, usijifiche nyuma ya mwalimu wangu. Ile mikwaruzo ya mviringo kama utando wa buibui haikuja na meli kutoka Japani yote. Mingi umeilipia mwenyewe, Jumamosi kwa Jumamosi. Sponji ileile imetoka kwa magurudumu ikapanda kwa boneti. Kitambaa kimeanguka kwa mchanga, kikapigwa kofi mbili, kikaendelea. Nyumbani, soja wa ploti anakufanyia hisani kila asubuhi, anapangusa vumbi na kitambaa kikavu. Vumbi letu ni mchanga, ndugu yangu. Unapiga gari msasa kila siku, halafu mwisho wa mwaka unataka kijana aje na msasa mwingine afute, kwa Sh1,500, na umalize kabla ya ruracio ya saa sita.

Najua kuna watakaosema nawaharibia vijana kazi. Hapana. Kinachoua hii kazi ni kuuza uongo kwa bei ya chini. Kijana anayemwambia mteja, "Hii gari haihitaji mashine, inahitaji kuoshwa vizuri na kupakwa waksi," amepoteza pesa ya leo, lakini huyo mteja hatamhama. Anayekubali kila gari atakutana na boneti yake ya Sh9,000. Ni suala la lini.

Kwa hivyo mimi nimebadilisha mambo haya. Siwashi mashine kabla sijajaribu sehemu ndogo, kama sahani ya chai, mteja akiwa amesimama hapo. Naanza na pedi laini na polishi laini kabisa, na zikitosha naishia hapo. Kingo zote nazifunika na tepu. Kama gari imewahi kupakwa rangi upya na hatuna kifaa cha kupima unene, siikazii. Mkwaruzo ambao ukucha unakwama ndani yake, namwambia mwenyewe, "Huu tutaupunguza, hatutaufuta." Wengine wanakasirika na kwenda kwa jirani. Sawa. Na kila gari nitakayoposti kuanzia sasa, nitaiposti tena ikiwa imeoshwa mara nne. Ikiwa mikwaruzo imerudi, mtaiona pamoja na mimi.

Nyinyi wengine wa video za nusu kwa nusu, si mfanye hivyo pia? Mnaogopa nini?

Na wewe unayeuza hizo mashine, andika tu kwa boksi: hii inatoa rangi. Maneno matatu. Yangeniokolea Sh9,000, na ningekuwa bado naweza kupita kwa mwalimu bila kuangalia chini.