Wasomaji Wenu Wako Karoni

Kila panapofanyika kongamano la fasihi ya Kiswahili, hakosekani mtu wa kusimama na kulia kwamba watu wetu hawasomi. Mmoja atalaumu simu, mwingine atalaumu shule, wa tatu atalaumu bei ya vitabu. Naomba niongeze jambo ambalo huko silisikii, labda kwa sababu wanaoalikwa kuzungumza ni watu waliopakuliwa, wakala, wakanyanyuka na kuacha sahani palepale. Wasomaji wetu wengi hawapo kwenye simu. Wako karoni, wanaosha vyombo.

Nasema haya nikiwa Kilwa Masoko, na jikoni kwangu kuna mashine ya kuoshea vyombo. Ndiyo, mashine. Tena si ile ya mlango unaofunguka mbele kama oveni, ni ile ya droo: unaivuta kama droo ya kabati, unapanga vyombo kwa juu bila kukunja mgongo, unasukuma, unabonyeza, unaondoka. Wifi yangu alirudi nayo kwenye kontena alipohama Muscat, akakosa pa kuiweka kwenye nyumba aliyopanga Dar es Salaam, akaniachia. Sasa ina miaka miwili kwangu. Katika miaka hiyo miwili nimesikia maneno ya kila aina, na mengi yametoka kwa watu wa vitabu, wasomi kabisa. Nimeyapanga mafungu matatu. Leo nayajibu.

Fungu la kwanza ni uvivu. "Mwanamke gani wa pwani anaoshewa vyombo na mtambo?" Swali hili niliulizwa na bwana mmoja ambaye, kwa ushahidi wa mke wake mwenyewe, hajawahi kuosha hata kikombe chake cha chai. Watu wa aina yake hupenda kunitajia Mwana Kupona. Utenzi ule wa mwaka 1858 hivi, ambao mama alimtungia binti yake, umegeuzwa fimbo ya kuchapia wake za watu. Haya, tuusome basi, lakini tuusome wote. Mle mle ndani mama anamwonya binti asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Maana yake nyumba ile ilikuwa na watumwa, na kazi ilikuwa na wenyewe. Mwana Kupona alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu. Unadhifu unaosifiwa mle ulitoka pia kwa mikono ambayo haikupewa nafasi ya kutunga hata ubeti mmoja.

Wala sina haja ya kwenda mbali mpaka Pate. Kilwa Kisiwani ninaiona ng'ambo ya maji. Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331, akaandika kwamba sultani wake, Abu al-Mawahib, alikuwa mkarimu, akikaa na mafukara na kula nao. Tunaipenda sana habari hii, tunawasimulia wageni. Mimi huwa najiuliza: walipomaliza kula, sultani na mafukara wake, nani alikusanya vyombo? Bakuli lenyewe tunalo. Vigae vya China vinaokotwa mchangani mpaka leo, na katika ule msikiti mdogo wa kuba, mafundi walipachika mabakuli ya kung'aa kwenye dari yawe mapambo. Bakuli limeingia msikitini, limeingia makumbusho, limeingia pamoja na magofu yake kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Aliyekuwa akiliosha hajaingia popote.

Na si kwamba hatumjui. Karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kusafirishia watumwa walioletwa na misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa, mpaka Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga biashara hiyo ya baharini mwaka 1873. Neno "mjakazi" halikushuka kutoka mawinguni. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kuosha vyombo kwa mkono ndiyo heshima ya mwanamke wa pwani, namuuliza: mwanamke yupi? Aliyekaa barazani, au aliyekuwa uani?

Hata huko ilikotoka mashine mambo hayakuanza kwa huruma. Hati ya uvumbuzi wa mashine iliyoanza kutumika kweli ilitolewa Marekani mwaka 1886 kwa mama wa Illinois aitwaye Josephine Cochrane. Alikuwa mtu wa kujiweza, na inasimuliwa kwamba kilichomkera ni watumishi kumvunjia kingo za sahani zake za thamani. Akaionyesha kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893, na wateja wake wa mwanzo wakawa mahoteli. Hii ya droo ilikuja baadaye sana, mwaka 1997, kutoka kwa Fisher & Paykel wa New Zealand. Ona basi: kule nako aliyehurumiwa kwanza ni bakuli. Mikono ilisubiri.

Fungu la pili ni utamaduni, na hili ndilo linaloniudhi zaidi kwa sababu linasemwa kwa sauti tamu. Eti karoni ndipo fasihi simulizi inapoishi: wanawake wamekaa uani, mabeseni mbele yao, vitendawili, nyimbo, mafumbo, vicheko. Eti mashine imekuja kuua masimulizi.

Jamani. Mimi nimeosha vyombo kwa mkono zaidi ya miaka thelathini. Nimesugua sufuria kwa mchanga na majivu, kwa makumbi ya nazi, kwa dodoki, mpaka stili waya ikaja. Kauli niliyoisikia kwa wingi kuliko zote karoni ni "fanya haraka". Hadithi kwetu alikuwa akitoa bibi, usiku, baada ya kula. Yeye alianza mkeka ulipotandikwa, na waliokuwa mkekani wakati huo ni watoto wa kiume, kwa kuwa sisi wa kike tulikuwa bado tunakwangua ukoko. "Paukwa!" tuliisikia kwa mbali, "Pakawa!" tukaitikia huku mikono imo kwenye povu, na tulipofika sungura alikuwa ameshamdanganya fisi. Kaka zangu wanajua mwanzo wa hadithi ambazo mimi nazijua mwisho tu. Hiyo ndiyo fasihi simulizi ya karoni. Anayeililia akaikalie yeye.

Tena watu wa fasihi ndio wangepaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Siti binti Saad, kwa mujibu wa wasifu aliouandika Shaaban Robert, alitoka Fumba, na kabla ya kuimba alikuwa akichuuza vyungu. Tunasimulia safari yake kwa fahari kwa sababu aliviacha vile vyungu. Angebaki navyo mpaka uzeeni, tungemsifu kwa kudumisha utamaduni wa ufinyanzi, na taarabu ingekosa sauti yake. Mikono ikiwa na kazi saa zote, mdomo unaweza kuimba kidogo, lakini hauwezi kwenda studio.

Fungu la tatu ni anasa: mashine si ya kwetu, maji ya shida, umeme unakatika, ni kitu cha matajiri wa mjini. Hapa nitasema kwa haki, maana kuna ukweli ndani yake.

Ni kweli maji ya bomba hayaji kila siku. Nimeinua simtanki juu ya mnara wa zege na kuweka pampu ndogo, kwa sababu mashine inataka maji yenye nguvu. Ni kweli pia kwamba ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe na maji ya visima ni magumu: usipoweka chumvi ya kulainisha, glasi zinatoka na ukungu mweupe. Umeme ukikatika katikati, unasubiri. Na kuna vitu haivitaki kabisa: mwiko, chungu, mbuzi ya nazi, sufuria yenye masizi. Mabaki ya nazi yanaziba chujio, ni lazima ulisafishe kwa mkono. Kubwa kuliko yote, sinia haliingii. Mtambo huu ulibuniwa na watu wanaokula kila mmoja na sahani yake. Sisi tunaokula watu sita sinia moja tulikuwa tumeshavumbua njia yetu ya kupunguza vyombo zamani sana, na naikubali heshima hiyo.

Ila subiri Ramadhani ifike. Uji kwenye vikombe, tambi kwenye bakuli, mihogo ya nazi kwenye bakuli jingine, kaimati, maharage, samaki, chai. Wanaume wameshatangulia tarawehe, akina mama wamezungukwa na vyombo, na wakimaliza daku inakaribia. Mwezi wa ibada, na nusu ya umma inaabudu beseni. Droo moja inaosha vyote hivyo bila sinia, na nimepima: kwa mkono nilikuwa namaliza ndoo mbili au tatu za lita 20 kwa siku, droo ikijaa vizuri haimalizi hata ndoo moja. Kwa hiyo hoja ya maji, ndugu zangu, inasimama upande wangu.

Kuhusu masizi, hilo tusiwaachie akina mama kwa stili waya. Masizi yanatokana na kuni na mkaa. Gesi iligunduliwa Songo Songo, ndani ya wilaya hii hii ya Kilwa, mwaka 1974. Tangu 2004 inapita kwenye bomba kwenda Dar es Salaam kufua umeme. Mwaka 2024 serikali ikazindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania kufikia 2034. Vizuri sana. Lakini mpaka leo, wilaya inayotoa gesi, mtoto wa kike anakwangua masizi kwa mchanga. Nionyesheni shairi moja juu ya hilo, nami nitalisambaza bure.

Halafu anasa. Wengi wanaoniambia neno hilo wana hausigeli. Wanamwita "dada", na wakiwa peke yao wanamwita beki tatu. Anaamka kabla ya adhana ya alfajiri na analala wa mwisho. Yeye si anasa, eti; anasa ni chuma changu. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba mzima, namba 189, kwa ajili ya staha ya watu kama yeye, lakini kwenye riwaya zetu nyingi bado kazi yake ni kuleta chai, kubeba mimba na kufukuzwa. Na ukiniuliza, je, mashine haitamnyima ajira? Nitakujibu: nyumba ina kazi nyingi za kumlipa mtu kwa saa zinazohesabika. Asicholipwa ni hizi saa za usiku zisizohesabika.

Wenzetu wa Kenya wakisema karo wana maana ya ada ya shule. Sisi karo ni pale pa kuoshea. Kwa wasichana wengi maneno hayo mawili yanagombania saa zilezile, na la kwetu ndilo linaloshinda. Kwangu saa zile zimerudi. Binti yangu, kidato cha tatu, amemaliza Peponi ya Gurnah katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis, usiku kwa usiku, baada ya isha. Alipofika pale Yusuf anapotolewa na baba yake kwa mfanyabiashara kwa sababu ya deni, aliniuliza: "Mama, kwani alikuwa analipwa?" Hilo ndilo swali la msomaji. Halikutoka kwenye warsha, lilitoka kwenye muda.

Sisemi kila nyumba inunue droo. Wengi hawawezi, nami nisingeweza kama si wifi. Ninachosema ni kwamba muda wa kusoma unatengenezwa na mtu, na hapa kwetu unatengenezwa na mwanamke aliyenyimwa wa kwake. Waandishi, mkiandika karamu, andikeni na baada ya karamu. Wahakiki, acheni kuita uchovu wa watu utamaduni. Na wazazi, mashine ya bei rahisi kuliko zote mnayo tayari: mtoto wa kiume mwenye mikono miwili. Haitaki luku, haitaki chumvi, na sinia linaingia.

Mkishaiwasha hiyo, tuitishe kongamano la kuuliza kwa nini watu hawasomi. Lianze saa mbili usiku, na kila mjumbe aje akiwa ameshaosha sahani yake.