Elimu si Zawadi ya Rais



Kila muhula unapoanza kuna watoto wanaosimamishwa gwarideni, majina yao yakasomwa, wakaamriwa warudi nyumbani wakalete pesa. Si karo, huambiwa. Ni pesa za mlinzi, za dawati, za mtihani wa majaribio. Naye mzazi asiyeijua sheria huinamisha kichwa na kwenda kukopa.

Ujanja huu ni wa kale. Tulipokuwa tukitoka katika ukoloni, uliotenga shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, KANU iliahidi katika manifesto yake ya 1963 kwamba kila mtoto angepata elimu ya bure kwa miaka saba. Ahadi ikalala miaka kumi. Mnamo Desemba 1973 Rais Kenyatta akatangaza kuwa karo imefutwa kuanzia darasa la kwanza hadi la nne. Mwaka wa 1974 idadi ya watoto wa darasa la kwanza ikazidi maradufu. Je, madarasa yangetoka wapi? Shule zikaanza kutoza pesa za majengo, ambazo mahali pengi zilizidi karo iliyofutwa, na watoto wa maskini wakatoka kwa mlango ule ule walioingilia. Rais Moi naye akazipiga marufuku alipoingia madarakani, akaleta na maziwa mwaka wa 1979. Kufikia 1988 serikali yake ilikuwa imekumbatia sera ya kugawana gharama, na mzigo ukarudi mgongoni mwa mzazi. Mimi ni mmoja wa waliorudishwa nyumbani enzi hizo kwa ajili ya pesa za majengo. Jengo lenyewe sikuliona.

Mwaka wa 2003 serikali ya NARC ikafuta karo ya msingi tena, ikatenga shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Wanafunzi wakaongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Jambo jema, sikatai. Lakini lilikuwa bado tamko la wakubwa, na kitolewacho kwa tamko huondolewa kwa waraka. (Wenzetu wa Mandera na Turkana wana kilio cha ziada: kufuta karo hakumfaidi mtoto ambaye shule yenyewe iko mbali asikoweza kufika kwa miguu.)

Tangu Agosti 2010 hali ya kisheria ni nyingine kabisa. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Serikali hupenda kujitetea kwamba haki hutimizwa hatua kwa hatua. Nasema utetezi huo haumgusi mtoto: Kifungu cha 21 kimeruhusu mwendo huo kwa haki za Kifungu cha 43, wala hakikutaja cha 53. Haki ya mtoto inadaiwa leo.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inakataza karo ya masomo katika shule za umma. Malipo mengine yahitaji idhini ya Waziri na risiti rasmi, na hata yakiidhinishwa, hakuna mtoto atakayekataliwa shuleni kwa kushindwa kuyalipa.

Basi mzazi, mwanao akirudishwa, nenda naye shuleni siku hiyo hiyo. Itisha barua ya idhini. Ukikosa kuonyeshwa, andikia Bodi ya Elimu ya Kaunti, nawe ubaki na nakala.